Taasisi ya Amani na Mimea Iliyotoka Mbali

Miongoni mwa vituo vya utafiti wa kilimo vilivyoanzishwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, ni vichache vilivyokusanya mimea ya kigeni kwa wingi na kwa utaratibu wa kitaalamu kama kituo cha Amani, kilichofunguliwa na serikali ya Kijerumani mwaka 1902 katika milima ya Usambara Mashariki, juu ya mji wa Muheza, kwa jina la Taasisi ya Baiolojia na Kilimo. Jukumu lake kuu lilikuwa uzoeshaji wa mimea, yaani kazi ya kuchukua mmea uliozoea udongo, mvua na majira ya nchi moja, kuupanda katika nchi nyingine, na kuuangalia kwa miaka kadhaa ili ibainike kama utaota, kama utazaa, na kama mazao yake yatalipa gharama ya kuuleta. Zaidi ya miaka 120 imepita tangu hapo, na hesabu ya kazi hiyo imetoka tofauti kabisa na walivyoitarajia waanzilishi wake: mimea waliyoitumainia zaidi haikuleta utajiri uliotarajiwa, na iliyoacha alama kubwa zaidi ni ile ambayo mwanzoni haikupewa uzito.

Amani haikuwa jaribio la kwanza. Mwaka 1896 serikali hiyo hiyo ilikuwa imefungua kituo cha majaribio huko Kwai, katika Usambara Magharibi, ambako baridi ya milimani iliwapa Wajerumani matumaini ya kupata kipande cha nchi kitakachofanana na kwao. Huko zilijaribiwa mboga, viazi mviringo na nafaka za Ulaya, pamoja na ufugaji wa mifugo ya kigeni. Viazi na mboga za majani zilikubali upesi, kwa sababu mimea ya namna hiyo hukamilisha maisha yake ndani ya miezi michache na haihitaji zaidi ya ubaridi wa wastani, maji na samadi. Miti ya matunda ya Ulaya ilikuwa na shida ya aina nyingine. Mtufaha na mpeasi hupukutisha majani na kulala wakati wa majira ya baridi, na machipukizi yake hayaamki vizuri mpaka yawe yamepitia wiki nyingi za baridi kali; katika nchi iliyo karibu na ikweta, ambako urefu wa siku haupishani sana na saa 12 mwaka mzima na ambako baridi ya usiku haidumu vya kutosha, mti huo huchanua ovyoovyo, tawi moja likiwa na maua na jingine likiwa bado limelala. Kwai iliachwa na serikali na kukodishwa kwa mlowezi, lakini mbegu yake haikupotea: kabichi, karoti, viazi, plamu na peasi zinazoshushwa kutoka Lushoto hadi sokoni Kariakoo ni sehemu ya urithi wa majaribio ya serikali, wamisionari na walowezi wa zama zile, ingawa aliyeyageuza kuwa kilimo cha kudumu ni mkulima wa Kisambaa, kwa mifereji yake ya maji na mashamba yake ya mabondeni.

Kilichowapeleka Wajerumani mashariki zaidi, hadi Amani, kilikuwa kahawa, au tuseme kushindwa kwake. Katika miaka ya 1890 kampuni za Kijerumani zilikuwa zimefyeka misitu ya Usambara Mashariki, Derema ikiwa mojawapo ya sehemu hizo, na kupanda mibuni kwa imani kwamba ardhi inayobeba msitu mzito kiasi kile haina budi kuwa na rutuba isiyokwisha. Miaka michache baadaye mibuni ilianza kudhoofika, kutu ya majani ikaishambulia, na mavuno yakashuka. Serikali ikaona kwamba kabla ya kuendelea kumwaga fedha mashambani panahitajika wataalamu watakaouliza kwanza na kupanda baadaye. Mfano waliouiga ulikuwa bustani ya Buitenzorg, ambayo leo huitwa Bogor, katika kisiwa cha Java, iliyoanzishwa na Waholanzi mwaka 1817 na iliyokuwa kitovu cha mimea ya biashara ya nchi za joto. Mkurugenzi wa kwanza wa Amani alikuwa Franz Stuhlmann, msomi wa zuolojia aliyewahi kusafiri na Emin Pasha kuelekea Maziwa Makuu. Albrecht Zimmermann, aliyekuja kushika uongozi baada yake, alikuwa ametoka kufanya kazi Buitenzorg kwenyewe.

Mahali palichaguliwa kwa hesabu. Makao ya taasisi yako kwenye mwinuko wa mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari, mvua inafikia karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ardhi ya taasisi iliteremka kutoka vilele vya milima hadi bonde la mto Zigi lenye joto la tambarare, hivyo kwamba katika eneo moja mtaalamu aliweza kupanda mmea uleule katika ngazi mbalimbali za mwinuko na kulinganisha matokeo. Bustani ilienea katika hekta 300 hivi. Reli ya Usambara ilikuwa imekwisha kupita Muheza, na baadaye njia ndogo ya reli ilijengwa kuelekea Zigi, ambako nyumba ya msimamizi wa stesheni ingali imesimama.

Mmea uliosafirishwa ulifika kwa njia mojawapo ya tatu. Mbegu ngumu zilikuja zimekaushwa. Vipandikizi na vichipukizi vya mimea yenye maji mengi, kama mkonge, vilistahimili safari ndefu bila udongo, ingawa kwa hasara kubwa: mwaka 1893, kabla Amani haijaanzishwa, Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika hai katika pwani ya Tanga na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62 tu, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbegu ya mashamba yote makubwa ya mkonge ya Tanganyika. Njia ya tatu ilikuwa sanduku la Ward, lililopewa jina la tabibu wa London aliyelibuni: sanduku la mbao lenye paa la vioo, lililofungwa vizuri kiasi kwamba unyevu uliotoka kwenye majani mchana uligeuka matone kiooni usiku na kurudi udongoni, hata miche laini ikaweza kuvuka bahari kwa miezi bila kumwagiliwa na bila kuchomwa na chumvi. Baada ya safari hiyo ilipelekwa kitaluni, yaani kwenye matuta yaliyofunikwa kwa kivuli, ambacho kilipunguzwa kidogo kidogo kadiri mche ulivyokomaa, kabla ya kuhamishiwa shambani mwanzoni mwa mvua. Kazi ya kufyeka, kubeba, kumwagilia na kupandikiza ilifanywa na vibarua wa Kiafrika, ambao ripoti za taasisi huwahesabu kwa vichwa na siku za kazi zaidi kuliko zinavyowataja kwa majina.

Orodha ya mimea iliyopandwa katika miaka 12 ya kwanza inashangaza hata leo: mkwinini kutoka milima ya Andes, ambao gome lake hutoa dawa ya malaria, mpira wa Ceará kutoka Brazili na mpira wa Castilla kutoka Mexico na Amerika ya Kati, mkafuri kutoka Asia ya Mashariki, mdalasini kutoka Ceylon, iliki kutoka India, chai, kakao, mianzi, mikaratusi na miti ya mbao ya kila namna. Matokeo yalichapishwa katika majarida, hasa *Der Pflanzer*, lililoanza mwaka 1905 na kuwafikia walowezi wa koloni zima. Sifa ya Amani ilienea, na haikuwa sifa ya bure, kwa maana wakati huo vilikuwa vituo vichache barani Afrika vilivyokuwa na maabara, maktaba na bustani ya kiwango hicho mahali pamoja.

Hata hivyo, faida iliyotarajiwa ilichelewa, na kwa baadhi ya mimea haikuja kabisa. Mpira wa Ceará ulipandwa kwa pupa na walowezi wa Tanga na Morogoro, lakini bei ya mpira duniani iliporomoka mwaka 1913, baada ya mashamba ya Asia kuanza kutoa mpira bora wa Hevea kwa gharama ndogo, na mashamba mengi ya koloni yakaachwa yageuke pori. Mkwinini ulistawi vizuri, ila ulihitaji miaka mingi kabla gome halijafaa, na kwa bei za wakati usio wa vita Java haikuwa na mshindani. Ni vita vilivyoupa kazi. Kuanzia mwaka 1914, meli za Uingereza zilipozifunga bandari, Amani iligeuka kuwa karakana ya kujitosheleza: gome la mkwinini lilitengenezwa dawa kwa ajili ya jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck, na taasisi ikatoa pia vyakula, viungo, vileo na bidhaa za mpira ambazo zamani ziliagizwa kutoka Ulaya. Askari walipokimbilia kusini, bila viwanda vya kutengeneza vidonge, gome lilichemshwa na kunywewa maji yake machungu.

Majeshi ya Uingereza yaliingia Amani mwaka 1916. Kwa takribani miaka 10 iliyofuata taasisi ilidorora, ikakosa fedha na watu, hata tume ya bunge la Uingereza iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 ikasikitikia hali yake. Ilifufuliwa mwaka 1927, chini ya uongozi wa William Nowell, ikiwa sasa kituo cha utafiti wa kilimo kwa maeneo yote ya Waingereza katika Afrika Mashariki, na hapo ndipo swali la msingi lilipobadilika. Wajerumani walikuwa wameuliza ni mmea gani uletwe; wataalamu wa kipindi cha Nowell walianza kuuliza kwa nini mimea iliyokwisha kuletwa, ikiwemo iliyokuwa imekaa karne kadhaa mikononi mwa wakulima wa Kiafrika, ilikuwa ikiugua.

Jibu la kitendawili cha kahawa lilitolewa na Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo, katika miaka ya 1930. Alionyesha kwamba udongo mwekundu wa Usambara Mashariki umesafishwa na mvua kwa maelfu ya miaka na umebaki wenye asidi na chakula kidogo, na kwamba utajiri wa msitu haumo chini bali uko juu, katika majani yanayoanguka, kuoza na kunyonywa tena na mizizi kabla mvua haijayachukua. Aliyefyeka msitu, kwa hiyo, alikuwa ameiteketeza ghala pamoja na mlango wake. Milne ndiye pia aliyetunga dhana ya katena, yaani mfuatano wa aina za udongo zinazojirudia kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, dhana ambayo imeingia katika vitabu vya elimu ya udongo duniani kote.

Kazi iliyofika mbali zaidi, hata hivyo, ni ya muhogo. Zao hili nalo ni mgeni, lililotoka Amerika ya Kusini kwa meli za Wareno, na kufikia miaka ya 1930 lilikuwa likiharibiwa na batobato, ugonjwa wa virusi unaosambazwa na inzi weupe na kulikunja jani likawa na mabaka ya njano. H. H. Storey, mtaalamu wa virusi aliyejiunga na Amani mwaka 1928, alichunguza ugonjwa huo, na mwaka 1936 aliutangazia ulimwengu ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia, ambao ni mjanja zaidi kwa sababu jani huweza kuonekana zima huku kiazi kikioza ndani. Mwenzake R. F. W. Nichols alipojaribu aina za muhogo kutoka nchi mbalimbali hakuona iliyostahimili vya kutosha, ndipo akaugeukia ule mpira wa Ceará uliotupwa na walowezi, ambao kwa ukoo ni ndugu wa muhogo. Kuanzia mwaka 1937 aliichavusha mimea hiyo miwili kwa mkono, ua kwa ua.

Kizazi cha kwanza kilistahimili ugonjwa lakini hakikulika, kwa kuwa mizizi yake ilikuwa myembamba na yenye nyuzi ngumu kama kuni. Machotara hayo yakachavushwa tena na muhogo halisi, na watoto wake tena, na tena, kila kizazi kikipunguza damu ya mpira na kurudisha unene wa kiazi, huku miche iliyougua ikitupwa. Kazi hiyo, iliyoendelezwa na D. L. Jennings hadi mwaka 1957, ilizaa mbegu zilizopelekwa Nigeria, ambako kutoka kwazo ulichaguliwa mmea uliopewa namba 58308. Mmea huo ndio uliotumiwa kuanzia miaka ya 1970 na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki iliyoko Ibadan kuzalisha mihogo inayostahimili batobato, ambayo leo inalimwa katika nchi nyingi za Afrika. Nyumbani, chotara mojawapo la Amani, lenye namba 46106/27, lilitoka mikononi mwa wataalamu na kuingia mashambani bila hati wala tangazo: wakulima wa pwani ya Kenya huliita Kaleso, wa kusini mwa Tanzania huliita Namikonga, na ni uchunguzi wa vinasaba wa miaka ya karibuni uliothibitisha kwamba majina hayo mawili ni ya mmea mmoja. Namikonga ingali miongoni mwa mihogo michache inayostahimili michirizi ya kahawia.

Mkonge nao una kisa chake. Bustanini Amani palikuwa na mkonge wenye majani ya rangi ya buluu ambao haukufanana na wowote uliojulikana, ukaelezwa kitaalamu mwaka 1933 na kupewa jina *Agave amaniensis*, mmea wenye asili ya Amerika ulioitwa kwa jina la kijiji cha Usambara. Ulipochanganywa uzazi na jamaa yake mwingine, kwanza Amani na kisha katika kituo cha mkonge cha Mlingano, lilipatikana chotara namba 11648, ambalo hutoa zaidi ya majani 600 katika maisha yake wakati mkonge wa kawaida hutoa kati ya 200 na 250. Chotara hilo ndilo linalotawala mashamba ya mkonge ya China hadi leo, ingawa lina udhaifu wa kushambuliwa na ugonjwa wa milia.

Mengine yaweza kutajwa kwa ufupi. P. J. Greenway alikusanya mimea mikavu na kuchapisha mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, kitabu ambacho watunzi wa kamusi bado wana deni kwacho, na R. E. Moreau, aliyeajiriwa kwa kazi za ofisi, akawa bingwa wa ndege wa milima ile. Mwaka 1948 utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga nchini Kenya, na mimea mikavu ikapelekwa Nairobi. Majengo ya Amani yakachukuliwa na utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki, na baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 yakawa chini ya taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ambayo hatimaye ilishusha shughuli zake kuu Muheza.

Bustani ilibaki bila mwenyewe, na katika upweke huo mimea ilianza kujiamulia. Mwaka 1913 hivi ulikuwa umepandwa Amani mti kutoka magharibi ya Ziwa Viktoria ambao Waganda huuita musizi, na ambao kwa jina la kisayansi, *Maesopsis eminii*, ni ukumbusho wa Emin Pasha. Haukuwa umevuka bahari; ulikuwa umetoka sehemu nyingine ya Afrika Mashariki hiyo hiyo, na labda ndiyo sababu hakuna aliyeuhofia. Ni mti unaopenda mwanga, unaokua haraka, na wenye matunda yanayopendwa na hondohondo, ndege mkubwa anayemeza tunda zima na kuitema au kuinya mbegu mbali na mama yake. Maadamu msitu ulikuwa mzima, kivuli kiliuzuia. Katika miaka ya 1960 na 1970, wakati mashine za kuvunia mbao zilipofungua mapengo makubwa katika misitu ya Usambara Mashariki, na wakati mti wenyewe ulipopandwa kwa makusudi ili kuziba mapengo hayo, musizi ulisambaa hadi ukawa sehemu kubwa ya msitu uliokwisha kuvunwa, katika milima inayojulikana duniani kwa mimea na wanyama wasiopatikana kwingineko. Wataalamu wanabishana kama utadumu au kama utaachia miti ya asili nafasi utakapozeeka. Lisilobishaniwa ni kwamba aliyeupanda hakuwa na nia wala hofu ya jambo hilo.

Upande wa pili wa biashara hii ya mimea, yaani ile iliyotoka Usambara kwenda Ulaya, ulikuwa mdogo lakini wa ajabu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu za ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu ya Usambara. Baba alimpa Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, aliyeliita Saintpaulia mwaka 1893, na kwa Kijerumani bado linaitwa kwa jina la Usambara. Ua hilo halistahimili barafu hata usiku mmoja, lakini sebule ya Ulaya yenye dirisha lisilopigwa na jua kali na joto lisiloshuka sana chini ya nyuzi 15 inafanana vya kutosha na mwamba wake wa asili. Limekuwa mojawapo ya maua ya ndani yanayouzwa zaidi Ulaya na Marekani, huku baadhi ya aina zake za porini zikipungukiwa na mahali pa kuota kwao.

Mwaka 1997 serikali ya Tanzania ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani yenye hekta 8,380, ikaiweka bustani ya zamani ndani ya mipaka yake, na kituo cha wageni kikafunguliwa katika ile nyumba ya stesheni ya Zigi. Hivyo hifadhi iliyoundwa kulinda mimea ya asili imerithi mojawapo ya makusanyo makubwa ya mimea ya kigeni barani. Ni ndani ya msitu huu pia unapoota msambu, mti wa asili ambao mbegu zake za mafuta wanavijiji huokota na kuuza. Jina lake la kisayansi, *Allanblackia stuhlmannii*, linamtaja mkurugenzi yule yule wa kwanza aliyetumwa kutafuta mali katika mimea ya mbali.

Miti iliyopandwa kabla ya mwaka 1914 inazeeka, na mingine imekwisha anguka. Wenye dhamana ya bustani hawana sababu ya kuiheshimu yote sawasawa: inayovamia msitu idhibitiwe bila kuonewa haya ya historia, na isiyo na madhara iorodheshwe mti kwa mti, mbegu na vipandikizi vyake vikihifadhiwa, kwa kuwa mpira wa Ceará ulikaa ukihesabiwa hasara kwa zaidi ya miaka 20 kabla Nichols hajauhitaji.